Mizani imeondolewa Olimpiki, njaa ya wapiga makasia imeachiwa nani?

Kuna jamaa wa mizani kwenye Barabara ya Tom Mboya hapa Nairobi. Hata kama hujawahi kupanda mizani yake, umempita mara mia: kistuli cha plastiki, mizani ya bafuni, kijiti cha kupimia urefu na kipande cha kadibodi chenye bei. Unatoa mbao, unapanda, anakuandikia kilo zako kwenye kikaratasi. Ukiwa mnene anakushauri upunguze, ukiwa mwembamba anakuambia ule vizuri, na ushauri huo ni wa bure.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nimesimama hapo nikimngojea rafiki yangu ashuke. Nitamwita Bondia kwa sababu mtaa mzima humwita hivyo. Aliacha ndondi mwaka wa 2020. Hana pambano, hana kocha, hana hata glavu, aliziuza. Lakini kila Ijumaa lazima apime. Nilipomuuliza kwa nini, alikunja kikaratasi akakitia mfukoni na kusema, "Buda, nataka tu kujua."

Ni yeye aliyenifanya nianze kufuatilia mchezo ambao, nakiri, sikuwa na habari nao hadi Agosti 2, 2024. Siku hiyo sisi wawili tulikuwa tumekaa na simu moja tukingoja mbio za wanaume za mita 10,000 za usiku wa Paris (ambazo Joshua Cheptegei wa Uganda alikuja kuzichukua, tusiongee mengi). Mchana ule simu ikatuletea makasia kutoka Vaires-sur-Marne, nje kidogo ya Paris. Mashua nyembamba kama sindano, watu wawili wawili ndani, wanavuta hadi uso unageuka. Kwa wanaume walishinda Fintan McCarthy na Paul O'Donovan wa Ireland. Kwa wanawake wakashinda Emily Craig na Imogen Grant wa Uingereza, ambao kule Tokyo walikuwa wamekosa medali kwa sekunde 0.01. Hebu fikiria.

Bondia aliona maandishi yaliyosema ni kitengo cha uzani mwepesi. Hakuwahi kuona mashindano ya makasia maishani mwake. Akasema tu, "Hawa mizani imewatesa asubuhi hii."

Hao wanne sitawasingizia. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba walikuwa wagonjwa, na walivyovuta siku ile hawakuonekana watu wenye njaa. Lakini kuhusu mchezo wenyewe Bondia alikuwa amesema kweli, na nimetumia muda mrefu tangu siku hiyo nikisoma kwa nini. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usidhani nakuandikia kama mtaalamu wa lishe. Naandika kama mtu aliyeishi chumba kimoja na bondia.

Mchezo uko hivi. Mnavuta mita 2,000, mkiwa mmeupa mgongo mstari wa kumalizia. Ni kati ya dakika tano na nane za maumivu, kutegemea mashua na upepo. Mtu mrefu, mwenye mikono mirefu na misuli mikubwa, ana faida ambayo mazoezi pekee hayawezi kuifuta. Ukiwatazama wanaume wasio na kikomo cha uzito utaona majitu, wengi wao kilo 90 na zaidi. Ndiyo sababu mwaka wa 1974 shirikisho la dunia la makasia lilianzisha kitengo cha uzani mwepesi kwa wanaume katika mashindano yake ya dunia, na wanawake wakafuata mwaka wa 1985. Olimpiki ilikipokea Atlanta mwaka wa 1996. Nia ilikuwa nzuri: mtu wa mwili wa kawaida, au nchi ambayo watu wake si majitu, nao wapate nafasi.

Halafu ikaja mizani. Kwa wanaume, hakuna anayeruhusiwa kuzidi kilo 72.5, na wastani wa wote walio ndani ya mashua usizidi kilo 70. Kwa wanawake ni kilo 59 kwa mtu mmoja na wastani wa kilo 57. Mnapimwa kati ya saa moja na saa mbili kabla ya mbio. Na si mara moja tu halafu mkasahau. Ukiwa na mbio za mchujo leo, nusu fainali keshokutwa na fainali baada ya hapo, kila siku ya mbio unapanda mizani upya. Wiki nzima unaishi ukiwa umebakisha gramu chache tu.

Hapo kwenye wastani ndipo pana sumu, na watu wengi hawapaoni. Chukua mashua ya watu wawili. Mwenzako akiwa na kilo 72.5, wewe lazima uwe na kilo 67.5, la sivyo wastani unapita 70. Kwa wanawake, mmoja akiwa na 59, mwenzake abaki na 55. Maana yake mkate alioula mwenzako jana usiku unaweza kukatwa kwenye sahani yako leo asubuhi. Kwenye ndondi, Bondia alikuwa akipigana na mwili wake peke yake. Akikosa uzito, anaumia yeye. Kwenye makasia ukizidi gramu mia mbili umewaangusha wengine mliofanya nao mazoezi miaka minne. Jiulize mtu wa miaka ishirini akiambiwa hivyo na kocha wake atafanya nini. Atakula? Atakubali kwamba mwili wake kwa asili ni wa kilo 76 na kwamba alipaswa kuwa kitengo kingine? Wapi. Atapunguza.

Njia za kupunguza zinajulikana na sitazieleza moja baada ya nyingine, maana hapa si mahali pa kufundishana. Mtu anakimbia akiwa amejifunga nguo tabaka tabaka kwenye jua. Anakaa sauna. Anaacha kunywa maji tangu jana yake. Wengine wanafika kwenye dawa za kuharisha na kujitapisha. Kuna waliojaribu dawa za kukojosha, ingawa hizo ziko kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku michezoni, kwa hivyo ukinaswa unafungiwa kama mtu aliyetumia dawa za kusisimua misuli.

Sasa kuna jambo moja ambalo watu wanaopinga kukata kilo hawapendi kulisema, nami nitalisema. Inafanya kazi. Watafiti wa Australia waliwachukua wapiga makasia wa uzani mwepesi, wakawapunguza karibu asilimia 4 ya uzito kwa siku moja, kisha wakawapa maji, chumvi na chakula cha wanga kwa mpango maalum ndani ya zile saa mbili kabla ya mbio. Kwenye mashine, kasi yao haikushuka sana, hasa hali ya hewa ilipokuwa ya baridi. Joto lilipozidi, mambo yaliharibika zaidi. Kwa mtu wa kilo 73, asilimia 4 ni karibu kilo tatu. Yaani mtu mkubwa anaweza kujikamua, akapita kwenye mizani kama mdogo, akanywa, akala, na kufika kwenye maji akiwa mkubwa tena. Kama njia hii ingekuwa inaharibu mbio waziwazi, makocha wangeiacha zamani. Imedumu kwa sababu inalipa, na madhara yake makubwa hayaonekani siku ya mbio.

Yanaonekana baadaye. Mwaka wa 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, ilitoa waraka wa wataalamu uliolipa jambo hili jina, na waraka huo ukafanyiwa marekebisho 2018 na 2023. Kwa kifupi wanaliita REDs: mwanamichezo anachoma nguvu nyingi mazoezini, anakula kidogo, na kinachobaki hakitoshi kuendesha mwili. Mwili haugomi kwa kelele. Unazima vitu kimya kimya, kama mwenye nyumba anayezima stima chumba kimoja baada ya kingine ili bili ipungue. Hedhi inapotea. Mifupa inapoteza uimara. Homoni zinashuka, usingizi unaharibika, mafua hayaishi, hasira za karibu. Kabla ya hapo wataalamu walikuwa wakizungumzia wanawake tu. Waraka wa 2014 ndio uliosema wazi kwamba wanaume pia wamo, na kwao dalili moja ni homoni ya kiume kushuka. Hiyo hakuna kijana wa kiume atakwambia kwenye jimu, hata umnunulie soda.

Kwa wapiga makasia mfupa unaovunjika kwanza mara nyingi ni ubavu. Kuvuta kasia maelfu ya mara kwa wiki kunabana mbavu, na mfupa usiopata chakula cha kutosha hauna nafasi ya kujijenga upya, kwa hivyo unaanza kupata nyufa ndogo. Si uzani mwepesi peke yao wanaopata nyufa za mbavu, wakubwa pia huzipata. Lakini ukiwa na njaa juu yake, umejichimbia shimo mwenyewe.

Hesabu kidogo, tafadhali usikimbie. Kipimo wanachokitumia sana wataalamu ni kalori 30 kwa kila kilo ya mwili ukiondoa mafuta, kwa siku, baada ya kutoa kile kilichochomwa mazoezini. Chini ya hapo hatari inapanda, ingawa si ukuta unaofanana kwa kila mtu. Hali nzuri ni karibu 45. Mchukue mwanadada wa kilo 57 ambaye kilo 47 kati ya hizo si mafuta. Mara 30, inakuja 1,410. Akifanya mazoezi mawili kwa siku na kuchoma kalori 1,000, anahitaji 2,410 kufika tu kwenye mstari wa hatari, na zaidi ya 3,000 kuwa vizuri. Huyo ndiye mtu anayekula tufaha moja na yai asubuhi kwa sababu mizani iko wiki ijayo.

Na hayo ni ya mwili tu. Kichwa ni hadithi nyingine. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 kuhusu wanamichezo wa kiwango cha juu Norway ulikuta asilimia 13.5 kati yao wana matatizo ya ulaji, dhidi ya asilimia 4.6 ya watu wa kawaida. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye michezo inayotegemea wembamba au uzito. Ukitafakari unaona ni kwa nini. Tabia ambazo daktari angeziita ugonjwa kwa mtu mwingine (kuhesabu kila kijiko, kupima mara tano kwa siku, kukwepa kula na wenzako, kujiadhibu kwa mbio za ziada baada ya kipande cha keki) kwa mpiga makasia zinaitwa nidhamu. Anasifiwa. Nani atatafuta matibabu ya kitu anachopigiwa makofi?

Hebu turudi kwa wale mabingwa wa Paris. Imogen Grant na Paul O'Donovan wote wawili wamesomea udaktari. Labda ni bahati tu, lakini mimi iliniambia kitu. Aliye juu ya jukwaa ana elimu, ana timu, kuna mtaalamu wa lishe anayempangia kila gramu ya wali miezi kabla ya mashindano, na anashuka uzito polepole huku damu yake ikipimwa. Huyo si wa kumhurumia sana. Wa kuhurumiwa ni kijana wa miaka kumi na tisa kwenye klabu au chuo, anayemwiga bingwa bila timu ya bingwa, na kocha wake anajua kupiga makasia lakini kuhusu chakula anajua alichoambiwa na kocha wake yeye. Vyuo vikuu vya Marekani bado vina timu za uzani mwepesi, ratili 160 kwa wanaume na 130 kwa wanawake, na huko ndiko vijana wengi wanajifunza kuogopa mizani.

Paris ilikuwa mara ya mwisho. Los Angeles 2028 hakutakuwa na uzani mwepesi. Mahali pake panaingia mbio za ufukweni: mnashindana wawili wawili, mnakimbia kwenye mchanga hadi mashua, mnavuta mita 250 mkizunguka maboya, mnageuka, mnarudi, mnaruka nje na kukimbia tena hadi kubonyeza kitufe. Mwanamume mmoja, mwanamke mmoja, na wawili wa mchanganyiko. Hakuna mizani. Bondia nilipomwonyesha video alicheka akasema hii ni kama mambo ya Bamburi siku ya Krismasi. Mimi naona itakuwa tamu kuangalia kuliko ile ya zamani, na vijana wa Pwani wenye miguu ya mchangani wasiidharau.

Kwa hivyo tatizo limeisha, si ndiyo? Hapa ndipo natofautiana na wale walioshangilia.

Angalia kitengo kiliondoka kwa sababu gani. Baada ya Rio 2016, IOC ilitaka idadi ya wanaume na wanawake ilingane. Mashua ya wanaume wanne ya uzani mwepesi ikaondolewa mwaka wa 2017 ili wanawake wapate mashua yao ya wanne. Sawa kabisa, haki ni haki. Zilizobaki mbili zikaenda kwa sababu IOC kwa miaka mingi haijapenda kuona vitengo vya uzito nje ya michezo ya kupigana na kunyanyua vitu vizito, na kwa sababu mbio za ufukweni zinavutia televisheni na hazihitaji kuchimbiwa ziwa la mamilioni ya dola. Afya ya wapiga makasia ilitajwa pembeni, kama ndugu wa kambo kwenye picha ya harusi. Hakuna aliyelazimika kusimama na kusema: tuliweka sheria iliyowalipa watu kwa kujinyima, miaka 28, na haya ndiyo yaliyowapata.

Linganisha na mieleka ya vyuo vya Marekani. Mwaka wa 1997, ndani ya muda wa zaidi kidogo ya mwezi, vijana watatu walikufa wakijikamua ili wafikie uzito. Watatu. Baada ya hapo ndipo sheria zikabadilishwa: sauna marufuku, nguo za mpira za kutoa jasho marufuku, kupima kukasogezwa karibu na pambano, na kila mmoja akawekewa uzito wa chini kabisa ambao haruhusiwi kuuvuka. Ilichukua majeneza, lakini angalau kosa lilitajwa kwa jina lake na mizani ikarekebishwa ikiwa bado inatumika. Makasia ya Olimpiki mizani ilibebwa tu ikawekwa stoo.

Kosa lisipotajwa, linahamia chumba kingine. Mtu aliyekuwa amejizuia kilo 70 kwa miaka kumi sasa anaambiwa akitaka kuendelea aongeze, akashindane na wale wa kilo 90. Kuna ambao wataongeza taratibu na kufurahi, na kuna ambao watakula kwa kulazimishwa, tumbo likiuma, kisha wanajichukia kwenye kioo, kwa sababu kichwa chao kilishafundishwa kwamba kilo ni dhambi. Halafu kuna mshika usukani, yule mdogo anayekaa kwenye mashua kubwa akipiga kelele na kuelekeza. Sheria inamtaka asipungue kilo 55, akipungua anabeba mzigo wa kufidia. Hakuna kikomo cha juu, lakini kila mtu anajua kilo za ziada za mshika usukani zinavutwa na wenzake, kwa hivyo mtu wa kilo 60 anajikuta akishushwa hadi 55 bila sheria yoyote kumlazimisha. Na kwenye mchanga wa Los Angeles, utakapokimbia na kuruka ndani ya mashua, kocha fulani ataanza kuhesabu nguvu kwa kilo. Wataona tu.

Kuna hoja ya upande wa pili, na sisi Waafrika hatuwezi kuiruka. Medali ya dhahabu ya Olimpiki ya makasia ambayo Afrika imewahi kupata ni moja tu. London 2012, Afrika Kusini, wanaume wanne wa uzani mwepesi: Sizwe Ndlovu, Matthew Brittain, John Smith na James Thompson. Ndlovu akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa Olimpiki kwenye mchezo huu ambao kwa zaidi ya karne ulikuwa wa shule za matajiri. Bila kitengo kile pengine hatungekuwa na hiyo moja. Wanaosema IOC imefunga mlango wa wadogo wana haki ya kusikika.

Lakini nilipohesabu, mlango wenyewe ulikuwa mwembamba kwetu. Mkenya Matthew Mwange alipofika Beijing 2008, alikuwa kwenye mashua ya mtu mmoja, ambayo Olimpiki haijawahi kuipa kitengo cha uzani mwepesi. Kathleen Noble wa Uganda, Tokyo na Paris, vivyo hivyo, mashua ya mtu mmoja, peke yake dhidi ya majitu. Nchi isiyo na pesa haina mashua ya wawili, haina mtaalamu wa lishe, haina hata wawili wa kulingana. Kwenye Paris, medali sita za uzani mwepesi zilienda Ireland, Italia, Uingereza, Romania, na Ugiriki mara mbili. Wadogo waliosaidiwa walikuwa wadogo wa Ulaya. Mbio za ufukweni, kwa mashua za mtu mmoja na gharama zake ndogo, huenda zikatufaa zaidi kuliko huruma ya kilo.

Nikimwambia mamangu haya yote anacheka. Kwake, mtu anayekataa chakula kilichopikwa ana kiburi au amerogwa. Ukirudi nyumbani umekonda unaulizwa kama unaumwa au kama Nairobi hakuna unga. Hapa kwetu matatizo ya ulaji yanaitwa ugonjwa wa wazungu, na nadhani ndiyo sababu yanatupita machoni. Njaa tunayoijua ni ya kukosa. Njaa ya kujinyima ukiwa na sahani mbele yako hatuna jina lake la haraka. Kwa hivyo mwanariadha wa kike akikosa hedhi mwaka mzima kambini, mtu anasema ni mazoezi, na mwingine anasema ni baraka, hakuna gharama ya sodo. Si baraka. Ni stima inazimwa.

Bondia alikuwa na miaka 18 alipoambiwa ashuke hadi kilo 60 kwa mashindano ya kaunti, akiwa na 66. Kocha wake, simtaji, alikuwa mtu mwema. Alimnunulia viatu kwa pesa yake. Alimfundisha kukimbia akiwa amejifunga makaratasi ya nailoni chini ya koti, enzi zile kabla ya marufuku ya 2017 ukiyapata bure kila duka. Usiku wa kuamkia kupimwa alitema mate kwenye chupa hadi koo likakauka. Alipita mizani kwa gramu chache. Alishinda pambano la kwanza, akaanguka chooni baada ya la pili, na tukaambiwa ni malaria. Alipewa dawa za malaria. Nilikuwa hapo, niliziona. Hakuna aliyemuuliza alikula lini, hata mimi sikuuliza, na mimi nilijua.

Ijumaa tulipotoka kwa jamaa wa mizani tulipitia kibanda cha chapati pale karibu na stendi. Nikaagiza mbili na ndengu. Yeye akaagiza chai, akaichovya kidole, akasema hana njaa. Nikasogeza sahani katikati ya meza, nikaendelea kuongea kuhusu Los Angeles, mchanga, maboya, na kwamba mwanamke wa Kenya, Asiya Sururu, alipiga makasia kwenye Paralimpiki ya Tokyo bila mtu yeyote kumuuliza ana kilo ngapi. Alikuwa anasikiliza. Kikaratasi kilikuwa bado mfukoni. Baada ya muda alikata kipande cha chapati, kidogo, akakishika mkononi huku akiuliza hayo mashindano ya ufukweni yanaanza mwezi gani.